Bafu la Vioo

Mkewe aliondoka na begi dogo, begi la mtu anayekwenda na kurudi. Alikuwa ameitwa kwa simu: mama yake ameanguka akitoka kuoga, amevunjika nyonga, na hapo alipo hawezi hata kujigeuza kitandani. "Nikamwone tu, nimweke sawa, halafu narudi," alimwambia mumewe pale mlangoni, huku akimfunga kifungo cha shati alichokisahau. Mumewe akamsindikiza mpaka kituoni, akapunga mkono mpaka basi likakata kona, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Hakujua bado.

Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa makamo, na kazini walimwita Mzee Ghorofa, ingawa yeye mwenyewe aliishi kwenye nyumba ya chini yenye vyumba vitatu. Watoto wao wawili walishakua wakaenda kuanza maisha yao. Mkewe alikuwa mshonaji; cherehani yake ilikaa kwenye chumba kidogo cha mbele, na tangu asubuhi mpaka jioni nyumba nzima ilikuwa ikisikia mlio wake. Mzee Ghorofa hakuwahi kuufikiria mlio ule, kama mtu asivyofikiria mapigo ya moyo wake. Sasa akirudi kazini na kufungua mlango, ukimya ndio uliompokea, umejikalia kana kwamba wenyewe ndio mwenye nyumba na yeye ni mgeni.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili nao ukafuata. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akafundishwa upya kukaa, kisha kusimama. Mkewe alikuwa akipiga simu jioni kwa sauti iliyochoka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani hicho kisicho na jina?"

Wote wawili wangecheka, wangetakiana usiku mwema, na simu ikishakatika Mzee Ghorofa angebaki ameishika kiganjani mpaka mwanga wake uzime. Kitandani alilala upande wake tu, pembeni kabisa, kana kwamba akijitanua atamnyima mtu nafasi. Foronya ya mkewe hakuifua. Ilipoanza kupoteza harufu aliinusa kidogo kidogo, kwa ubahili.

Siku moja aliitwa kwenye hoteli kubwa ambako lifti ilikuwa imegoma kati ya ghorofa mbili. Alipomaliza, mikono ikiwa myeusi kwa grisi mpaka viwikoni, msimamizi wa usafi akamhurumia, akamfungulia chumba kisicho na mgeni ili akanawe. Mzee Ghorofa akaingia bafuni, akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Hakukuwa na kuta za kulitenga na chumba. Kulikuwa na vioo virefu vinavyoonyesha upande wa pili, kutoka sakafuni mpaka darini. Choo kilining'inia ukutani, hakikugusa chini, hakikuwa hata na tangi lililoonekana. Bomba la mvua lilikuwa pana kama sinia, na sakafu ilikwenda moja kwa moja kutoka chumbani mpaka chini ya bomba bila kizingiti wala ukingo.

Hapo akakumbuka. Miaka mingi nyuma walialikwa harusi kwenye hoteli kama ile. Mkewe alikwenda kunawa mikono, akapotea. Maharusi wakakata keki, watu wakapiga picha, yeye haonekani. Alipotokea uso wake ulikuwa umeng'aa, akamwinamia mumewe sikioni: "Mle ndani mtu unaweza kusamehe dunia nzima." Alisema kwa utani tu, kisha akakaa akala keki yake. Lakini mumewe alikuwa amemwona uso.

Na wao je, walikuwa na nini? Kibanda cha uani, nyuma ya jiko, chenye mlango wa mbao uliovimba na sakafu ya saruji inayobanduka. Msimu wa mvua mkewe alikuwa anakwenda kuoga na mwavuli mkono mmoja na ndoo mkono mwingine, na anafika ameshaoga nusu.

Mzee Ghorofa akakausha mikono yake polepole kwa taulo la hoteli. Moyoni alishaamua. Atarudi akute bafu.

Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba siku wakikarabati nyumba wataanzia jikoni. Akajiambia jiko litasubiri. Jumamosi iliyofuata alivaa shati safi akaenda kwenye duka la vifaa vya bafu, akahudumiwa na binti mwenye kucha ndefu na maneno matamu.

"Sasa hivi watu hawajengi kuta, mzee wangu," binti alimwambia. "Ukuta unabana. Kioo kinafungua nafasi."

"Na mtu akitaka faragha?"

"Faragha na nani? Si bafu la chumbani kwenu, wewe na mama?"

Mzee Ghorofa alijikuta akitabasamu kwenye vigae kama kijana wa juzi. Hapo ndipo aliponunuliwa yeye, kabla hajanunua kitu. Akachukua kila kilichokuwa kwenye picha ya ukutani: vioo, choo cha kuning'inia, bomba la sinia, sinki bapa kama sahani, na hita ya maji.

Fundi vigae aliyempata alikuwa mtu wa majigambo aliyefanya kazi huku redio ikiunguruma. Walikata kona moja ya chumba chao cha kulala, kilichokuwa kikubwa. Bomba la maji machafu lilibidi kupita pale kiliposimama kibanda cha uani, basi kibanda kikabomolewa, na matofali yake yakatumika kujazia ukuta wa nyuma.

"Mama akiingia humu hatoki," fundi alimhakikishia. "Utakuwa unamgongea mlango."

"Hakuna mlango," Mzee Ghorofa akasema.

"Basi utagonga kioo!"

Tatizo lilikuwa simu. Mkewe alipiga wakati wowote, na kwa kuwa hii ilikuwa siri, mumewe alilazimika kukimbilia barabarani kuipokea.

"Nini hicho kinagongwa?"

"Jirani anatengeneza banda lake."

"Na huyo anayecheka?"

"Redio."

"Mbona unahema?"

"Hapana, nimetoka... nilikuwa natembea tu. Nitakupigia baadaye, eh?"

Alijua anasema vibaya. Alijua kwamba kwa kumficha habari moja amejikuta anamnyima zote. Lakini alijikaza kisabuni, akijiambia kwamba siku atakapoona kwa macho yake, yote yataeleweka mara moja.

Bafu likaisha, likapendeza. Mzee Ghorofa ndiye aliyelizindua, na siku hiyohiyo akaanza kugundua mambo ambayo picha ya dukani haikusema. Tangi lao lilikaa juu kidogo tu ya paa, kwa hiyo maji hayakuwa na nguvu. Lile sinia la mvua lilitoa matone ya kuhesabika, sehemu ya katikati ikanyesha na pembeni pakawa na ukame. Sakafu kwa kuwa haikuwa na ukingo, maji yalitambaa taratibu mpaka chumbani na kulowesha zulia. Vioo vilishika madoa meupe, maana maji yao yalikuwa na chumvi, na kila akitoka kuoga ilimbidi asimame uchi akivipangusa kwa kipangusio cha mpira kama mwosha magari. Akitaka kujaza ndoo, hakuna bomba ambalo ndoo ingeingia chini yake: sinki lilikuwa bapa mno, na bomba jingine liko juu kichwani. Ilibidi aiweke ndoo katikati ya sakafu, aifungulie mvua, kisha aende akanywe chai.

Lakini asikwambie mtu, kulikuwa na raha zake. Maji ya moto asubuhi ya baridi, bila kuwasha jiko, bila kubeba chochote. Choo kisichogusa sakafu, ambacho ukideki unapitisha tambara chini yake mara moja, hakuna kona ya kukwaruza kwa kisu. Mwanga mweupe uliofanya hata uso wake wa mtu wa grisi uonekane wa heshima. Na zaidi ya vyote, alipokuwa akipangusa vile vioo, alikuwa akimwona. Si kwa kweli; lakini alimweka pale, upande wa pili, amempa mgongo, nywele zimefungwa, mvuke unapanda. Wakati mwingine alisahau mkono hewani, mpira umesimama, maji yanamdondokea miguuni.

"Narudi Jumamosi," mkewe alisema hatimaye. Ilikuwa simu fupi, kama zilivyokuwa zote siku hizo. Mzee Ghorofa hata hakungoja amalize, aliruka moyoni, akasema, "Njoo, njoo tu!" akakata ili akaanze kudeki.

Jumamosi hiyo alinyoa ndevu mara mbili. Mchana gari la kukodi likasimama nje. Mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mkewe, amekonda, amefunga kichwa kitambaa ambacho hakukijua. Mzee Ghorofa akaanza kumwendea mikono wazi. Mkewe hakumtazama sawasawa. Alikwenda mlango wa nyuma, akaufungua, akatoa fremu ya chuma ya kutembelea, yenye miguu miwili na magurudumu mawili mbele. Kisha, taratibu, mguu mmoja halafu mwingine, akashuka mama yake.

"Shikamoo, mama," Mzee Ghorofa akasema, mikono ikiwa bado imebaki hewani.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua."

"Usumbufu gani, mama. Karibu. Karibu sana."

Alimtupia mkewe jicho. "Nilitaka kukuambia," mkewe akasema chinichini akipokea mizigo. "Lakini simu zako zilikuwa za kukimbia."

Ndani, mkewe alimketisha mama sebuleni, akapitiliza uani kutafuta maji ya kunawa, na Mzee Ghorofa akasikia hatua zake zikisimama ghafla. Akamfuata. Alimkuta anatazama mahali pa kibanda, palipobaki mraba wa saruji mpya.

"Bafu liko wapi?"

"Njoo," akasema. Akamshika mkono, akampitisha chumbani, akawasha taa.

Mkewe alisimama mbele ya vioo kwa muda. Alivitazama kutoka chini mpaka juu. Akaigusa sahani ya sinki kwa ncha ya kidole. Kuna kitu kilianza usoni mwake, Mzee Ghorofa alikiona kabisa, kile kile cha siku ya harusi, lakini hakikufika. Akageuka nyuma kuelekea sebuleni alikomwacha mama yake.

"Ni zuri," akasema. "Zuri sana. Sasa mama ataogea wapi?"

Mzee Ghorofa akazima taa.

Ikabidi iwe hivi: kwa kuwa choo kilikuwa mle chumbani na mama hawezi kwenda mbali, mama akapewa chumba. Mkewe akalala kitanda kimoja na mama yake ili mama amwamshe akihitaji kuinuka. Mzee Ghorofa akahamishia godoro dogo kwenye chumba cha cherehani, akawa analala chini ya magauni ya wateja yaliyoning'inia bila vichwa. Alikuwa amemngojea mkewe kwa miezi, sasa yuko upande wa pili wa korido, na akawa mbali kuliko alipokuwa safarini. Safarini angalau walikuwa wanapigiana simu.

Mama mkwe naye, alipoonyeshwa bafu, alishika tama.

"Hili ni bafu au kabati la vyombo?" akamwuliza binti yake. "Nimezaa watoto sita, sijawahi kuogea kwenye maonyesho. Na hiki choo, mbona hakina mguu? Kikianguka na mimi?"

Mzee Ghorofa, aliyesimama koridoni kwa heshima, alijibu bila kuchungulia. "Hakianguki, mama. Nyuma ya ukuta kuna fremu ya chuma. Mimi natundika lifti zinazobeba watu kumi."

"Hizo lifti zako pia sizipandi, mwanangu."

Mkewe alicheka kidogo, na kicheko kile, japo hakikuwa chake, Mzee Ghorofa alikibeba mpaka kazini.

Mama akagoma kuoga ndani ya vioo. Aliogeshwa kwa beseni na kitambaa, akiwa ameketi kitandani. Mkewe alijaribu kutundika mashuka juu ya vioo. Yakalowa, yakawa mazito, kamba ikakatika, yakamwangukia mama kichwani. Maji ya mtaa yakakatika siku kadhaa, ikaonekana kwamba ndani ya lile bafu la kisasa hakuna hata nafasi ya kuweka pipa. Huyo mama mwenye utani akawa anajibu "ndiyo" na "hapana", na alipodhani yuko peke yake na binti yake, Mzee Ghorofa alimsikia akisema, "Nirudishe kwangu. Mumeo alikujengea wewe. Mimi nimekuja nikakaa katikati yenu kama jiwe."

Jioni hiyo alimkuta mkewe bafuni, amepiga magoti, anakamua zulia lililolowa. Mama alikuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Mzee Ghorofa akapiga magoti naye, akashika upande wa pili wa zulia. Wakalikamua pamoja. Mikono ya mkewe ilinuka dawa ya kuchua.

"Ungeniuliza," mkewe akasema.

"Nilitaka iwe siri. Nikupe kitu."

"Unajua nilidhani nini kule? Kila nikipiga, unahema, unakimbia, kuna mtu anacheka. Nilidhani umepata mtu."

"Mimi?" Mzee Ghorofa aliangusha zulia. "Mimi na hili tumbo?"

"Usinichekeshe. Nililia. Nilikuwa namgeuza mama huku nalia, mama anadhani nalia kwa ajili yake, naye anaanza kulia."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mzee Ghorofa akatazama vile vioo vyake, vyenye madoa, na kwenye kioo kimoja aliwaona wote wawili wamepiga magoti sakafuni kama watu waliopoteza pete.

"Ningesema nini kwenye simu?" akauliza.

"Ungesema umenikumbuka."

"Si ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui," mkewe akasema. "Ndiyo maana ya kusema."

Sauti ya mama ikaita kutoka sebuleni. Mkewe akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akainuka, akaenda. Mzee Ghorofa akabaki na zulia.

Asubuhi yake hakwenda kazini mapema. Alisimama koridoni, nje ya mlango wa chumba, akabisha hodi kwa sauti ya unyenyekevu.

"Mama, naomba unifundishe kitu."

"Nikufundishe nini, mimi mtu wa kitandani?"

"Bafu. Kama lingekuwa lako, ungelijengaje?"

Akadhani amemuudhi kwa swali hilo. Kisha mama akaanza, mwanzoni kwa kusitasita, baadaye kama aliyekuwa na hotuba tumboni siku nyingi. Kwanza ukuta, ukuta wa kweli usioonyesha kitu. Kiti cha kujengea, maana kusimama kuoga ni kazi ya vijana. Chuma cha kushika, kifike mpaka chooni. Bomba la chini ambalo ndoo inaingia, na mvua ya kushika mkononi, isiyomwagia mtu kichwani bila ruhusa. Na msumari wa kutundikia nguo mahali anapoufikia akiwa amekaa, si juu kama wa kutundikia ngoma.

"Sawa, mama. Na ile sakafu nitaiwekea ukingo, maji yasiende chumbani."

"Sakafu usiiguse!"

Alisema kwa ukali mpaka mkewe akatoka jikoni.

"Kwangu niliangukia ukingo," mama akaendelea, sasa kwa upole. "Kiukingo cha kidole kimoja tu, cha kuzuia maji. Mguu ukagonga, basi. Hapa hii fremu yangu inaingia yenyewe na magurudumu yake. Ni kitu kimoja tu nilichokipenda humu. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimekasirika."

Mzee Ghorofa akabaki ameegemea ukuta. Kile kilichomloweshea zulia, kile alichokuwa akimlaania binti wa dukani kila asubuhi, ndicho kilichomfaa huyu mama. Fundi vigae akaitwa tena, na redio yake. Alipoambiwa vioo vitoke, alishika kichwa kana kwamba anavunjiwa nyumba yake mwenyewe. Kimoja kikapasuka kikitolewa. Vingine vikaegemezwa uani. Ukuta ukapanda, na mlango mpana wa kutelezesha. Badala ya ukingo wakachimba mfereji mwembamba mlangoni, wakaufunika kwa wavu wa chuma uliolingana na sakafu. Maji yakifika pale yanazama, na gurudumu linapita. Tangi nalo wakaliinua kwa mnara mfupi, Mzee Ghorofa mwenyewe akilifunga kwa minyororo ya kazini kwake. Vigae vya kuteleza vilivyokuwa chini ya bomba vikabadilishwa kwa vya kukwaruza. Hita ikabaki. Choo cha kuning'inia kikabaki pia, maana kwa kuwa kilitundikwa waliweza kukipandisha kidogo, mama asishuke sana akikaa.

Siku bafu lilipokauka, mama alisema hataki kusindikizwa. Alishika fremu yake, akaingia, akatelezesha mlango. Mtu na mkewe wakakaa sebuleni, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine. Maji yakasikika. Yakakatika. Yakasikika tena. Mkewe alikuwa ameshika mkono wa mumewe bila kujua, na Mzee Ghorofa hakusogeza hata kidole, asije akamkumbusha.

Mama alikaa mle ndani mpaka wakaanza kuogopa. Alipotoka alikuwa amevaa khanga kavu, uso unang'aa kwa mafuta, ananukia sabuni. Alisimama katikati ya sebule.

"Nimeoga," akasema.

Tangu alipoanguka hakuwa ameoga mwenyewe. Mkewe akakimbilia jikoni, wakamsikia akipenga kamasi.

Baada ya hapo mama alipata nguvu haraka. Utani wake ukarudi. Akawa anamwita mkwewe Bwana Mhandisi na kumwambia wateja wake wa lifti wana subira. Lakini jioni, akikaa mlangoni, alikuwa akitazama barabara kwa namna ambayo Mzee Ghorofa aliitambua vizuri sana, kwa kuwa naye alikuwa ameitazama hivyo.

"Nimekumbuka kwangu," mama akasema siku moja. "Msinielewe vibaya. Nimetunzwa. Lakini nimekumbuka kitanda changu, dirisha langu, hata yule jirani yangu mgomvi."

"Huwezi kuoga kule, mama," mkewe akasema.

"Nitakwenda nikajenge," akasema Mzee Ghorofa. Wote wawili wakamgeukia.

Alichukua likizo yake ya mwaka. Kule kwa mama mkwe alijenga kwa mikono yake, akisaidiana na mpwa mmoja wa mama, mjane mchapakazi aliyekubali kuhamia ili mama asikae peke yake. Halikuwa na kitu cha dukani: sakafu tambarare yenye mteremko ambao maji pekee yaliuona, kiti cha saruji, vyuma, bomba la ndoo, pipa pembeni. Kile kiukingo alikivunja kwa nyundo huku mama amekaa kwenye kiti akitazama, na kila nyundo iliposhuka mama alisema, "Ongeza."

Likizo ilipokwisha, mkewe alimsindikiza kituoni. "Nibaki kidogo," akasema, "nimwone anavyozoea. Mpwa naye hajui dawa zake." Mzee Ghorofa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejua tangu wanafungasha. Alielewa sasa kwamba mkewe alikuwa na nyumba mbili, na kwamba zamu hii si yake. Kuelewa hakukumpunguzia kitu.

Nyumbani alirudi kwenye chumba chao. Kitanda kilikuwa kipana kama uwanja. Bafu lilifanya kazi bila kasoro, maji yalikuja kwa nguvu, zulia lilikaa kavu, na alioga haraka haraka kama mtu aliyeazimwa. Simu ilipolia jioni ya kwanza, hakungoja salamu.

"Nimekukumbuka," akasema.

"Sema tena," mkewe akasema. "Mtandao unakatakata."

Akasema tena. Jioni iliyofuata mtandao ulikuwa unakatakata vilevile, na iliyofuata pia, na Mzee Ghorofa, ambaye kwa kazi yake anajua mitambo inapodanganya, alirudia kila mara bila kulalamika.

Mkewe alirudi katikati ya wiki, mchana, bila kutangaza sana. Mzee Ghorofa aliomba ruhusa kazini, akampokea kituoni, akabeba kila kitu mwenyewe. Njiani mkewe alisimulia: mama anatembea mpaka kwa jirani mgomvi na kurudi, mpwa ameshajua dawa, bafu linasifiwa mpaka watu wanaomba kulitazama. Alisimulia akifunga macho kati ya sentensi na sentensi. Walipofika alipita moja kwa moja chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Maji ya moto yapo," mumewe akasema. "Nimewasha hita tangu asubuhi."

"Nitaoga. Ngoja nijinyooshe dakika moja."

Alijinyoosha. Kabla Mzee Ghorofa hajarudi na glasi ya maji, mkewe alikuwa ameshalala, viatu miguuni, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Ulikuwa usingizi wa mtu aliyelala nusunusu kwa karibu mwaka mzima, sikio likiwa kwa mwingine.

Akaweka glasi chini. Akafungua kamba za viatu moja moja, akavitoa bila kuvuta. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Penye utosi, kitambaa kilipoteleza, aliona mvi ambazo hazikuwapo alipoondoka. Simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni: kazini, lifti imekwama mahali. Akaenda koridoni, akawaambia watafute mwingine, akaizima.

Akarudi, akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa. Alikuwa na mengi ya kumwambia, ya mwaka mzima, na alikuwa na hamu ya kumwona akiingia bafuni, amsikie atasema nini. Alitaka kumgusa bega. Hakumgusa. Alimtazama anavyopumua, na akashangaa kwamba alikuwa bado amemkumbuka vilevile, naye yupo, umbali wa mkono. Nje jua lilihama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Hita ikajizima yenyewe ndani ya bafu. Mzee Ghorofa akavua viatu vyake naye, akakaa akimsubiri aamke.